Kidonge cha mafuta na homa ya mapafu: niliyowaambia wazee wa Ujiji

Mimi ni mfamasia. Haya ni mazungumzo yangu na kikundi cha wastaafu hapa Ujiji, Kigoma, Jumamosi moja baada ya saa kumi alasiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale tulipopisha adhana na pale umeme ulipokatika, mwenyekiti akaanza kugombana na fundi.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliowasindikiza wazazi, hamjambo.

Nilipokuwa naingia, mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia bei ya mali ya wizi: "Binti yangu, eti hivi vidonge vya mafuta vinazuia mtu asife na UVIKO?" Mwanawe yuko Dar, ndiye aliyemtumia habari hiyo kwenye simu: Wachina wamechunguza wagonjwa hospitalini, wakaona wanaomeza dawa za kushusha mafuta walikufa wachache kuliko wengine. Nikamwomba asubiri nifike mbele, maana jibu lake halitoshi mlangoni.

Tatizo ni kwamba ujumbe ule si wa uongo. Ungekuwa uongo ningesema neno moja, tukanywa chai ya mwenyekiti tukaondoka. Ni kweli utafiti huo upo na hesabu zake zilitoka hivyo. Shida iko kwenye kinachofuata baada ya hesabu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia dawa gani. Nimewaomba mje na dawa zenu, na naona mifuko, bahasha, na makopo. Wengi wenu mna atorvastatini, wachache simvastatini, mmoja au wawili rosuvastatini. Ukoo wao mmoja, unaitwa statini. Asili yake ni ukungu. Mjapani mmoja, Akira Endo, miaka ya 1970 alipekua ukungu na vijidudu zaidi ya 6,000 akitafuta kitu cha kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli, yaani yale mafuta ya kwenye damu, akakipata kwenye ukungu wa mchele uliotoka duka la nafaka mjini Kyoto. Mama aliyetupa mchele ulioota ukungu asijute sana, lakini asile pia.

Kolesteroli nyingi mwilini mwako hutengenezwa na mwili wako mwenyewe, na ini ni kiwanda chake kimoja kikubwa. Statini huziba kimeng'enya kimoja kwenye kiwanda hicho. Ini likiona limepungukiwa, linafungua milango zaidi na kuivuta kolesteroli iliyoko kwenye damu. Mishipa inapata nafuu. Mwaka 1994 watafiti wa nchi za Nordiki walitoa matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakipewa simvastatini, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa: vifo vilipungua kwa asilimia 30. Dawa hizi zina heshima yake na sikuja kuzivua nguo.

(Hapa mama mmoja aliuliza kuhusu mawese. Nikajua hatutoki salama.)

Mama yangu, mawese hayana kolesteroli. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli, kwa hiyo anayewauzia chupa ya alizeti iliyoandikwa "haina kolesteroli" anajisifia kitu ambacho hata mwenye mawese wa kule Simbo angeweza kukiandika. Ila karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda. Asubuhi ya baridi mnayaona yamekaa kitako chini ya chupa. Mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayofanya kolesteroli mbaya ipande. Sisemi migebuka ipikwe kwa maji. Nasema kijiko kikubwa na upawa si kitu kimoja. Tuendelee, la sivyo tutalala hapa.

Sasa, kidonge cha mafuta na kirusi cha mafua vinakutana wapi? Mtu akipata mafua makali au UVIKO, mara nyingi kinachomlaza si kirusi peke yake. Ni mwili wake unavyopigana: mapafu yanavimba na kujaa maji, ngozi ya ndani ya mishipa inachubuka, damu inaganda pasipotakiwa. Na statini, mbali na kushusha kolesteroli, ina tabia ya kupoza uvimbe na kutuliza mishipa. Kwa hiyo daktari aliyejiuliza kama ingesaidia hakuwa mjinga. Wazo lina miguu.

Wakaanza kuhesabu. Marekani, msimu wa mafua wa 2007 hadi 2008, walichukua wagonjwa 3,043 waliolazwa kwa mafua yaliyothibitishwa maabara. Theluthi moja walikuwa kwenye statini. Baada ya kusawazisha umri na magonjwa mengine, uwezekano wa kufa kwa wenye statini ulikuwa chini kwa takriban asilimia 40. Halafu ukaja UVIKO. Mkoa wa Hubei, China, mwaka 2020, wagonjwa 13,981, kati yao 1,219 wakitumia statini. Walipolinganishwa na wenzao wanaofanana nao, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 5.2 kwa wenye statini na 9.4 kwa wasiokuwa nayo. Hiyo ndiyo habari iliyoruka kutoka Hubei ikapita Dar ikamfikia mzee wangu hapa Ujiji.

Asilimia 5 na asilimia 9! Mtu akikuonyesha hivyo unataka kukimbilia famasi usiku huohuo.

Sasa nisikilizeni kwa habari ya ziwani. Tuseme nimesimama pale mwaloni Kibirizi mwaka mzima na daftari. Naandika kila mvuvi anayetoka amevaa jaketi okozi na asiyevaa, halafu naandika nani karudi. Mwisho wa mwaka naona waliovaa wamerudi wengi zaidi. Naweza kusema jaketi limewaokoa wote hao? Mnamjua mvuvi anayevaa jaketi. Huyo huyo ndiye aliyekagua mashine kabla ya kuondoka, akabeba mafuta ya akiba, akatazama mawingu upande wa Kongo na kuahirisha safari, na hakupita kwa wauza gongo. Wengine kati yao walirudi bila hata kuguswa na maji. Jaketi ni zuri, nitakuwa wa kwanza kumnunulia kaka yangu. Lakini daftari langu limechanganya kazi ya jaketi na tabia ya mwenye jaketi.

Statini ni vivyo hivyo. Nani anayemeza statini kila usiku miaka mitano? Ni mtu mwenye bima au mtoto anayetuma pesa. Amewahi kupima damu. Ana kliniki na tarehe za kurudi kwenye kadi. Akikohoa siku ya pili anakwenda hospitali, hangoji midomo igeuke rangi. Kule Kanada, jimbo la British Columbia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya laki moja wa statini, matokeo yakatoka mwaka 2009. Waliokuwa wakimeza dawa yao bila kukosa walipata ajali chache za magari kuliko waliokuwa wakirukaruka. Ajali za magari, wazee wangu! Kidonge cha mafuta kinajua kushika usukani?

Kuna mtego mwingine, wa saa. Boti la kwenda Kalya, kusini mwa ziwa letu, lina safari ndefu. Ukisema abiria waliokula chakula cha usiku botini walifika salama kuliko wasiokula, ni kweli, kwa sababu aliyedondoka majini saa nane mchana hakukifikia chakula cha usiku. Tafiti nyingi za hospitali zinamwita mgonjwa "wa statini" kwa kuwa aliandikiwa akiwa wodini. Aliyefariki saa sita baada ya kupokelewa hakuandikiwa kitu, akahesabiwa upande wa pili. Kidonge kinasifiwa kumweka mtu hai, kumbe alikipata kwa sababu alikuwa bado hai.

Na wa tatu, ambao mtu aliyefanya kazi wodini anaujua bila kitabu: mgonjwa akizidiwa, cha kwanza kuachwa ni vidonge. Hawezi kumeza. Muuguzi anaandika kwenye jalada "asipewe kitu kwa mdomo". Kwa hiyo kuacha statini kunaambatana na kufa, ila kufa ndiko kulikotangulia kubisha hodi.

Wale Wamarekani walirudia kazi yao kwa uangalifu zaidi, wakaongeza janga la mafua la mwaka 2009, na kwa wagonjwa wa janga hilo faida iliyosimama imara haikuonekana. Wakasema wenyewe kwamba huenda kulikuwa na tofauti kati ya wagonjwa ambazo daftari halikuzinasa. Nawaheshimu sana kwa hilo. Mtu kuandika kwamba matokeo yake ya kwanza huenda yalimdanganya si jambo dogo.

Dawa ya mitego hii ni kura. Usimwache mgonjwa au daktari achague. Rusha shilingi: kichwa apewe, mwenge asipewe. Kura haijui nani ana bima, nani anakunywa gongo, nani ana mtoto Dar. Pande mbili zinatoka zimefanana, na tofauti ikionekana baadaye unajua imetoka wapi.

Kabla ya UVIKO kura ilikwishapigwa kwa watu ambao mapafu yao yalikuwa yamefeli. Mwaka 2014 matokeo mawili yalitoka, moja la rosuvastatini kwa wagonjwa 745, lingine la simvastatini kwa 540. Hayakuonyesha faida, na lile la kwanza lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa halikuwa na matumaini. Ukaja UVIKO. Iran walichukua wagonjwa wa chumba cha wagonjwa mahututi, karibu 600, nusu wakapewa atorvastatini ya miligramu 20, nusu kidonge kitupu. Walihesabu kwa pamoja vifo, damu kuganda, na kuhitaji mashine ya kuingiza hewa kwenye damu: asilimia 33 upande mmoja, 36 upande wa pili. Tofauti ndogo kiasi hicho inaweza kuletwa na bahati tu.

Halafu jaribio kubwa zaidi, REMAP-CAP, lililotoka Oktoba 2023. Wagonjwa mahututi 2,684 ambao hawakuwa kwenye statini. Simvastatini miligramu 80. Hapa sitawaficha: upande wa dawa ulielekea kufanya vizuri. Siku za kuishi bila mashine za kusaidia viungo zilikuwa 11 kwa mgonjwa wa katikati ukiwapanga kwa mstari, upande wa pili 7. Uwezekano kwamba dawa inasaidia waliukadiria kuwa asilimia 95.9. Ila wenyewe walikuwa wamejiwekea kizingiti cha 99 tangu mwanzo, na wagonjwa wakapungua duniani, jaribio likafungwa kabla ya kukifikia. Kwa hiyo mtu akiniambia statini haina kazi kabisa kwa mgonjwa mahututi wa UVIKO, nitambishia. Akiniambia imethibitishwa, nitambishia pia. Na miligramu 80 za simvastatini si kitu cha kuiga nyumbani. Marekani tangu 2011 walikataza mgonjwa mpya kuanzishwa kiwango hicho kwa sababu ya kuharibu misuli.

Mkitaka kujua dawa iliyopita mtihani inafananaje, tazameni deksamethasoni, dawa ya kupoza uvimbe, ile ya bei ndogo iliyoko hata kwenye kituo cha afya. Uingereza, 2020, kwa kura: kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi, kwa waliokuwa kwenye oksijeni vikapungua kwa moja ya tano, na kwa wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Jibu linakuja na mipaka yake. Statini kwa mafua na UVIKO haijatupa jibu la namna hiyo.

Kwa hiyo mzee wangu wa mlangoni: usinunue statini kwa ajili ya mafua. Kama huna sababu ya moyo, kisukari, kiharusi au kolesteroli ya kukufanya uandikiwe, mafua peke yake hayatoshi. Tulipiga nyungu sote mwaka ule wa UVIKO, nami nilipiga, macho yakaniwasha siku mbili. Tuliopona tulisema ni nyungu. Wasiopona hawakuwepo kubisha.

Lakini kuna swali la pili ambalo ujumbe wa simu haukuliuliza, na mimi ndilo lililonileta hapa. Je, wewe ambaye tayari unameza statini kwa sababu ya moyo au mishipa, ukilazwa kwa mafua au nimonia, dawa hiyo iachwe?

Kuanza na kuacha si swali moja. Ontario, Kanada, walitazama watu waliopata mshtuko wa moyo karibu na siku walizothibitishwa kuwa na mafua, matokeo yakatoka 2018: ndani ya siku saba za mwanzo hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa mara sita ya kawaida yao. Mara sita. Yaani wiki ambayo mapafu yanakushughulisha ndiyo wiki ambayo moyo unahitaji ulinzi wake. Na Uhispania walipiga kura ndogo, wagonjwa 89 tu, wote wamepata kiharusi, wote walikuwa kwenye statini tangu zamani. Nusu waliachishwa siku tatu tu za mwanzo. Baada ya miezi mitatu, waliokufa au kubaki wakihitaji kusaidiwa walikuwa asilimia 60 kwa walioachishwa, 39 kwa walioendelea. Ni kiharusi, si mafua, na watu ni wachache. Hata hivyo siku tatu!

Niwape na langu. Baba yangu mkubwa alilazwa kwa nimonia, si lazima niseme wapi. Miaka minne kabla alikuwa amepata kiharusi chepesi, akaandikiwa atorvastatini, amlodipini na aspirini ndogo. Akiishi peke yake, dawa zote alizitia kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, kwa sababu panya walishakula bahasha moja. Alilala hospitali siku tisa. Nilimpelekea uji kila asubuhi. Mimi, mfamasia, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu wanameza nini, nilimuuliza kama amelala, kama amekula, kama kikohozi kimepungua. Siku ya kutoka nilikwenda kumfanyia usafi nyumbani, nikafungua kopo. Dawa zilikuwa palepale, karatasi ya vidonge imeishia pale alipokuwa ametoboa usiku kabla ya kulazwa. Hakuna aliyeuliza, na wa kwanza asiyeuliza ni mimi.

Wiki tatu baadaye mdomo ulipinda tena. Yu hai, anatembea kwa fimbo, na bado anatukana redio. Ukoo mzima unasema ni zile siku tisa. Shangazi husema kila tukikutana msibani. Mimi siwezi kusema hivyo. Alikuwa na miaka 71, shinikizo la damu, kiharusi cha nyuma, na nimonia yenyewe. Nikisema ni kidonge tu, nitakuwa nimefanya kosa lilelile la mwanzo, ila safari hii kwa uchungu badala ya matumaini. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa ilikuwepo, sababu ya kuimeza ilikuwepo, na ilikaa juu ya kabati bila mtu kuamua kwamba iachwe. Daktari angeamua iachwe, sawa.

Maana zipo sababu za kuiacha kwa muda. Ini likiwa limeumia. Misuli ikiuma mwili mzima na mkojo ukawa kama kahawa, hapo usingoje kesho. Na dawa za kugongana nayo, ambazo ndizo hasa nataka kuzitafuta humo makoponi. Mtu anakohoa, anapita duka la dawa, anapewa erithromaisini. Kama anameza simvastatini, hizo mbili hazikai pamoja: erithromaisini inazuia ini lisiivunje simvastatini, inajaa mwilini, misuli inaweza kuanza kuharibika. Klarithromaisini vilevile. Vidonge vya UVIKO vyenye ritonavia vilevile, na ritonavia hiyo hiyo imo kwenye baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kwa hiyo anayezitumia aseme bila aibu, sitangazi kwenye spika. Na amlodipini, ambayo nusu yenu mnayo kwa ajili ya shinikizo: ukiwa nayo, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Juisi ya balungi nayo ina ugomvi wake na simvastatini. Mara nyingi suluhisho ni dogo, daktari anabadilisha dawa ya kikohozi au anasimamisha statini siku chache kisha anairudisha. Lakini atabadilishaje asichokijua?

Jambo moja la haraka: msiombe kupima kolesteroli mkiwa mmelazwa na homa, mkaona imeshuka mkasherehekea. Ugonjwa mkali wenyewe huishusha. Subirini mpone wiki kadhaa.

Sasa vijana nisaidieni kusogeza ile meza. Kila mtu aje na alichobeba, hata kama ni vidonge viwili kwenye kipande cha gazeti, hata kama ni mizizi. Nitaandika kwenye kikaratasi jina la dawa, kiasi na sababu, mkiweke kwenye kadi ya bima au ndani ya kasha la simu, kiende nanyi hospitali hata kopo likisahaulika. Mzee wangu wa mlangoni, naona umebeba mfuko wa rambo umeufunga mafundo matatu. Tuanze na wewe. Hiki cha njano ulipewa na nani?